Vyura Wanasaini Kutoka

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimetumwa maziwa, nikapata vyura wamepanga laini kwa gate. Walikuwa wanahama. Uncle Phares, soja wa kulinda gate yetu hapa Njiru, haachi mtu apite bila kuandikwa kwa kitabu, awe fundi, awe chura. Macho yake imeanza kuchoka, na mimi si wa maneno mingi, kwa hivyo akanipea biro kama kawaida.

"Jina?" akawauliza.

"Hatuna."

"ID?"

"Pia hatuna."

"Basi kanyaga hapo kwa sahihi."

Wakakanyaga, mmoja mmoja. Karatasi ikalowa kidogo.

"Mnaenda wapi?"

"Ruai. Tumesikia kuna maji."

"Hata mimi nimesikia," Uncle Phares akasema. "Sijaona tu."

Mwaka jana ukurasa wa vyura kwa hicho kitabu ulikuwa mtamu kusoma. Mvua ya Aprili ilileta watoto mia nne. Kunguru walikula themanini, pikipiki zikakanyaga tisa. Ishirini wakahamia kutoka Komarock kwa sababu bwawa letu hapa estate lilikuwa na mbu wa kushiba. Walibaki wengi hadi tulikuwa tunafunga madirisha ndio tusikie TV. Halafu chairman wa estate, Mzee Ndung'u, akaita lori za mchanga. Bwawa likawa parking. Tangu hapo, kwa waliozaliwa naandika sufuri.

Saa mbili laini ikaisha. Akabaki mama mmoja, tumbo imejaa hadi anatembea na upande.

"Mimi sifiki Ruai," akasema. "Nitataga leo jioni."

Uncle Phares akamletea beseni ya kufulia, imejaa maji. Mama chura akaiangalia.

"Asante, baba. Lakini mayai ni elfu mbili."

"Elfu mbili! Na mimi wangu watatu wananimaliza."

"Wangu wanaliwa sana," akasema, akakaa kivulini.

"Nabalayo, mwandikie chairman," Uncle Phares akaniambia. "Mdomo huna, lakini kwa simu unaweza."

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena:

"Habari ya asubuhi chairman. Ni Nabalayo wa C4. Samahani kwa kusumbua. Kuna mama chura hapa gate, wenzake wote wameenda. Tunaomba mchimbe shimo tu pale kona ya parking, ijazwe maji kabla jioni. Ni ya mayai. Asante."

Saa tatu tiki za WhatsApp zikawa bluu. Saa kumi na moja bado ni hizo tiki tu.