Mji Alionipa Mwanangu

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na kitu pekee nilichowashinda wenzangu ni vitendawili. Ukishindwa unatoa mji, ndiyo sheria. Nilipokea miji mpaka nikawa namiliki nchi nzima, na viatu sina. Leo ni bibi kizee katika nchi ya watu, chumba kimoja ghorofa ya nne, lakini miji yangu yote ninayo kichwani.

Basi huku ugenini tuliamua kucheza mchezo wa nyimbo juu ya maisha yetu wenyewe. Aliyeutunga ni fundi cherehani wa ghorofa ya chini, mtu mfupi, mdomo mkali kama mkasi wake. Tulipewa bwalo la kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, ambako nusu ya wanawake wetu wameajiriwa. Na mimi nilifanya kazi pale miaka kumi na tisa, mpaka magoti yakagoma. Ngoma yenyewe ilitoka kazini: wawili wawili wanashika shuka, wanalivuta, wanalikung'uta, kisha wanasogeleana kukutanisha pembe. Sisi tuliongeza wimbo tu.

Nikapewa nafasi ya bibi mtega vitendawili.

"Wewe huhitaji hata kupakwa rangi," fundi akanichokoza. "Uso umeshajichora."

"Na wewe ungekuwa shuka, tungekukunja mara moja tu, basi umekwisha."

Tulicheka. Lakini moyoni nilikuwa na langu, sikumwambia mtu. Nilitaka mwanangu anijibu kitendawili kimoja mbele ya binti yake.

Mwanangu ni fundi lifti. Tulipotoka kwetu alikuwa na miaka sita. Tulisafiri chini ya turubai la lori, na siku ya tatu akaanza kulia kwa kiu. Kilio kile kingetuponza sote. Nikamnong'oneza, "Kitendawili." Akajibu, "Tega." Nikamwambia, "Kavuka mipaka mitatu hana karatasi, na askari hakumwona." Akafikiri, akasahau kulia. Mwisho akaniambia sikioni, "Wimbo, mama. Ule wa baba." Baba yake tulikuwa tumemzika majuma mawili tu nyuma. Kitendawili kile nilikitunga palepale, wala hakuna mwingine aliyekijua ila sisi wawili.

Sasa ana binti wa miaka saba, tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama yake ya kidevuni. Mwaka jana watoto wenzake walimcheka darasani alipochanganya maneno yetu na ya huku. Mwalimu akamwita baba mtu, akamshauri nyumbani itumike lugha moja. Toka siku ile mwanangu hakumtamkia mtoto neno letu hata moja. Nikiongea na mjukuu wangu, baba yake anatafsiri, kama vile mimi ni mgeni nimekuja kusoma mita ya umeme.

"Mama, mimi nilichekwa miaka yote ya shule," aliniambia. "Wewe ulikuwa kazini, hukusikia. Huyu hatachekwa."

"Mkataa kwao mtumwa, baba."

"Kwao ni wapi? Hebu nionyeshe."



Kisha akapata kazi mji mwingine, safari ya siku nzima kwa treni. Wangehama Jumatatu. Mchezo wetu ulikuwa Jumapili mchana, akaahidi kuja. "Kwa heshima yako, mama," alisema. Nikajiambia, akijibu pale mbele ya watu, kwa maneno yetu, mtoto atajua kwamba maneno haya ni ya baba yake pia, si ya bibi peke yake. Asipojibu, basi.

Bwalo likajaa, linanukia sabuni. Wanawake wakaimba na mashuka yao, watu wakafuta macho. Ikaja zamu yangu. Fundi cherehani alikuwa ameniandikia kitendawili cha yai, rahisi, ili ukumbi mzima ujibu. Nikakiacha.

"Kitendawili!"

"Tega!" Walioitika ni wazee. Vijana walitazamana.

"Kavuka mipaka mitatu hana karatasi, na askari hakumwona."

"Yai, bibi! Sema cha yai!" Fundi ananihimiza nyuma ya pazia.

"Upepo!" akasema mwanamke mmoja wa kufulia.

"Njaa!" mwingine akadakia, watu wakacheka.

Nikatikisa kichwa. Macho yangu yalikuwa safu ya tatu. Niliona midomo ya mwanangu ikijikusanya kutamka, nikaona ikifungwa. Kidoti alimvuta mkono wa koti, anauliza. Yeye akatazama viatu vyake. Mpiga kinanda akarudia kipande chake mara tatu akinisubiri.

"Basi nipeni mji," nikasema.

Mwanangu akasimama.

"Nakupa mji wetu, mama." Alisema kwa maneno yetu, sauti imetulia. "Ule tulikotoka. Uchukue wote. Mimi siuhitaji tena."

Makofi yalilipuka. Walidhani ni sehemu ya mchezo, hata vigelegele vikapigwa.

Sheria ni kwamba ukipewa mji unaupokea, kisha unatoa jibu. "Nimekwenda mji huo," nikaanza, "nikakuta..." Sikukuta kitu. Miji mingine yote niliipokea kwa kicheko. Wanawake wakafikiri nimemaliza, wakaingia na mashuka yao wakiimba. Shuka likapita mbele yangu, na liliposhuka, viti viwili vya safu ya tatu vilikuwa vitupu.

Niliwakuta mlangoni wanavaa makoti. Kidoti alikuwa anamuuliza baba yake, kwa lugha ya huku, jibu ni nini. Mwanangu akamfunga skafu, akamwambia neno moja. Nililitambua, nimelisikia miaka yote kwenye redio ya kiwandani. Ndivyo wanavyouita wimbo huku. Lilikuwa jibu lenyewe, hakukosea.

Mtoto akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa jibu la hesabu. Akauliza kama kwenye treni atakaa dirishani. Akanipungia mkono, nami nikampungia.

Mchana wa Jumatatu nilirudi bwaloni kurudisha nguo za mchezo. Fundi cherehani akanipokea.

"Bibi, yule kijana ulimpanga lini? Kanitoa machozi!"

Yule mwanamke wa upepo naye akaja mbio, shuka mkononi. "Bibi, tumebishana asubuhi nzima. Jibu lilikuwa nini?"

Nikamtazama.

"Upepo," nikasema.

"Si niliwaambia!" Akawageukia wenzake, anaruka. "Basi ule mji ulituchukulia bure. Turudishie!"

"Chukueni," nikamwambia, nikamshikia pembe mbili za shuka, tukalivuta.