Mbweha wa Mkia wa Kushoto

Kabatini kwangu hakai mnyama wa kioo asiyejulikana fundi wake. Nilikuwa tarishi hapa Lauscha miaka thelathini na moja, nimepanda kila ngazi ya mji huu kwenye theluji, na karibu kila nyumba niliyopeleka barua ilikuwa na mtu ameinamia moto wa gesi, anazungusha ufito wa kioo mpaka atoke kulungu, au bundi. Hawaweki sahihi. Lakini mkono wa fundi naujua kama nilivyojua miandiko kwenye bahasha, na kwa hilo najivuna bila haya.

Basi fikirieni aibu yangu. Zilibaki wiki mbili kabla ya maonyesho ya vuli katika ukumbi wa mji, nimeombwa nipeleke mkusanyiko wangu, na nina mbweha watano nisiojua wametoka mikononi mwa nani. Wengine saba walikuwa wa marehemu Edwin Greiner, hilo halina ubishi: mkia umekunjwa kulia, ncha imelala juu ya mguu. Hawa watano walikuwa ndugu zao kabisa, ila mkia ulikwenda kushoto, na ukiniuliza mimi, walikuwa wazuri zaidi. Kwenye kibandiko chao ningelazimika kuandika "Fundi hajulikani", mimi, mbele ya mji mzima.

Nikaamua kwamba fundi huyo ni mtu wa mkono wa kushoto, nikaanza kuwazungukia mafundi wote wa mkono huo. Nusu ya mji wetu ni akina Greiner, kwa hiyo tunatajana kwa nyumba. Nilianza na Greiner wa Daraja, nikaenda kwa Greiner wa Mwamba, nikamaliza kwa mzee mmoja aliyenisikiliza dirishani bila kunifungulia mlango. Wote walikana. Mume wangu Volkmar alicheka hadi donge la viazi likampalia.

"Umebakiza paka tu kuwauliza, mke wangu," alisema. "Nao wamo wa kushoto."

Jumatatu nikaenda kwa mjane wa Edwin, Bibi Irmtraud wa Kisima, kumuuliza kama mumewe aliwahi kuwa na mwanafunzi. Ana miaka themanini na minne na macho makali kuliko yangu. Alinikatia keki ya plamu, akanimiminia kahawa kwa mkono wa kulia, akasema Edwin hakuwa na subira hata ya kumfundisha mbwa kukaa. Nikamtoa mbweha mmoja kwenye pamba. Bibi akamtazama, kisha akatazama nje.

Meza ya Edwin ilikuwa bado pale dirishani, kichomeo katikati, kiti kimoja upande huu na kingine ng'ambo. Nikauliza kile cha pili kilikuwa cha nani.

"Changu," alisema. "Nilikuwa mfungashaji. Miaka kumi na tisa nafunga wanyama wake kwenye karatasi, huku naitazama mikono yake."

Halafu Edwin akaanza zamu kiwandani, na mchana meza ikabaki kwa Irmtraud. Akawasha moto, akakaa kwenye kiti alichokizoea.

"Yeye alikunja mkia kuelekea mlangoni, na mimi nikakunja kuelekea mlangoni. Nilijua ndivyo mbweha anavyotengenezwa, mwanangu."

Nikakaa kiti cha Edwin: mlango uko kulia. Nikahamia cha Irmtraud: mlango uko kushoto. Nilijiona mjinga wa mwisho. Nimesumbua watu juu ya mikono, kumbe jambo lenyewe lilikuwa kiti.

Mbweha wake aliwachanganya kwenye sanduku la mumewe, na Edwin hakung'amua. Siku moja aliinua mmoja wao akasema kwamba yeye mwenyewe, akitulia, hana mpinzani. Irmtraud alisimulia hilo huku akifuta machozi ya kicheko kwa aproni.

Nilipomwomba niandike jina lake, kicheko kikakatika.

"Andika Edwin. Alikufa akijua ni wake. Sasa nimnyang'anye, naye hawezi kujibu?"

Nikamwambia Edwin anao saba wake, hakuna atakayemgusa. Lakini uongo siandiki. Akikataa, nitaandika fundi hajulikani, naye atapita mbele ya kazi yake kama mgeni. Nilisema kwa ukali zaidi kuliko nilivyotaka. Alimfunga mbweha wangu kwenye karatasi, mikunjo mitatu ya haraka, akaniwekea mkononi.

"Fanya unavyoona," alisema.

Ukumbini niliwapanga saba upande mmoja na watano ng'ambo yao, wakitazamana. Kibandiko cha wale watano nilikiandika kwa mkono wangu: Irmtraud Greiner. Jumapili alikuja na fimbo yake, amevaa koti la kanisani. Alisimama mbele ya wale watano, akakisoma kibandiko. Kisha akaniita.

"Gerlinde, hapa umekosea."

Nikajua nimemuumiza. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Akina Irmtraud Greiner mji huu tuko watatu. Watu watadhani ni yule wa Daraja, na yule hawezi kutengeneza hata shanga."

Akanyoosha mkono nimpe kalamu. Aliinama, akaongeza kwa herufi kubwa "wa Kisima", akapiga mstari chini yake.