Vigelegele vya Upande wa Pili

Vigelegele vilikuwa vimeshatoka, mkono wangu ukiwa hewani, nilipoona wazazi wote wa upande wetu wamenigeukia. Binti yangu Dorah, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, barakoa yake ya chuma ya mdaka mpira imemwendea upande. Yeye hakunigeukia. Hilo ndilo lililonikata maini.

Sasa ni miaka miwili tangu siku hiyo. Asubuhi ile, katika chumba chetu cha Al Nahda, Dubai, alinipa sharti huku akifunga kamba za viatu.

"Mum, ukikuja usiniaibishe. Ukiniaibisha, usikuje tena."

Nilikubali. Msimu mzima wa besiboli, tangu Novemba, sikuwa nimeona hata mechi moja. Nasimamia usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Al Garhoud, na Jumamosi ndiyo siku wageni wengi huondoka. Mechi zao nilizijua kwa madoa ya jezi.

Siku hiyo ya mwisho, mwenzangu Virginia alinishikia zamu. Nikaketi kando ya Bi Khamisa, Mzanzibari wa miaka mingi hapa Dubai, ambaye mjukuu wake Ashwaq ndiye aliyekuwa mrushaji wetu. Alinifundisha mchezo kwa maneno machache: "Anayepiga mpira hukimbia vituo vinne. Akirudi pale alipo mwanao kabla ya kuguswa na mpira, wamepata moja."

Nilielewa. Nina diploma, lile halikuwa jambo la kunishinda.

Raundi ya mwisho ilitukuta tumelingana. Mshindi angeingia fainali. Mwingine msimu wake ungeishia pale. Msichana wao akatimka kutoka kituo cha tatu. Mpira ukarushwa. Dorah akaudaka, akamgusa yule msichana akija anateleza, vumbi likawameza wote wawili. Mwamuzi akainama, kisha akapanua mikono yake yote miwili, viganja chini, kama mtu anayefuta meza.

Kazini kwetu ishara hiyo ina maana moja tu. Arbab, yaani bosi, akiifanya, khalas: imefutwa, usiulize tena. Basi nikajua pointi yao imefutwa. Nikasimama nikapiga vigelegele.

"Keti, mwanangu," Bi Khamisa akanivuta gauni. "Ile mikono maana yake salama."

"Salama nani?"

"Yule wa kwao. Keshafika. Tushashindwa."

Ng'ambo ya uwanja Gibson, mlinzi wa hotelini kwetu mwenye binti katika timu ile nyingine, akanivulia kofia. "Asante sana, madam! Msimu ujao kaa huku kwetu, soda ni juu yangu!"

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Dorah alitangulia hatua kumi hadi kwenye basi, begi likimgonga mgongoni. Akakaa dirishani. Goti lake lilikuwa limechubuka na hakulitazama. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nyumbani kwangu anayelia hupewa kazi. Ningeweza kusema ni mchezo tu. Lakini nilikuwa nimemwona akiungoja mpira ule, mtu mzima kabisa ndani ya mwili mdogo, na neno hilo nikaliacha.

"Asante kwa msimu," nikasema.

"Msimu gani? Umeona mechi moja. Na ukashangilia maadui."

"Ndiyo."

"Na vigelegele, Mum! Kama harusi."

"Nilidhani amefuta."

Mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia. Kilikuwa kicheko, au kilio na kicheko pamoja.

"Nisimulie hizo nyingine," nikasema. "Zote. Anza na ya kwanza."

Alinipima kwa macho, kama mtu anayekagua shuka. Kisha akaanza, shingo upande: jinsi walivyopigwa vibaya Novemba, jinsi Ashwaq alivyorusha mpira ukatua kwenye maegesho ya magari. Taratibu sauti ikapanda. Akageuka mzima kunielekea ili anionyeshe kwa vidole nani alisimama wapi.

Basi likafika pa kushukia kwetu. Milango ikafunguka, watu wakashuka na mifuko yao. Nilipaona vizuri, mimi ninayempimia kila mtu kazini dakika za kila chumba. Sikuinuka. Milango ikafungwa, basi likaondoka nasi, na bado tulikuwa kwenye mechi ya tatu.