Chuma Ndani ya Kanga

Nafula ni wa Bungoma, mimi wa Tanga, na tuliingia Doha wiki moja, mwaka 2015, kukagua mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Chumba kimoja Al Thumama, sare moja. Sasa kwa nini asifiwe yeye tu? Kila zamu Makame, msimamizi wetu, aliyasifu macho yake makali kwenye skrini ya eksirei. Walipotafuta kiongozi wa zamu, jina lake lilitajwa kabla ya langu. Nilimwonea wivu mpaka chakula alichopika kilinikaba.

Siku moja alikaa kwenye skrini, mimi nafungua mabegi. Akasimamisha mkanda.

"Mwanahamisi, cheki hii bag. Kuna chuma iko na meno."

Mwenye begi alikuwa bi mkubwa wa Unguja, ananukia udi. Alitoka kwa mwanawe Al Wakrah, anakwenda London kwa binti aliyejifungua.

"Shikamoo, mama. Umebeba nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi ya kukunia nazi. Huko ataipata wapi?"

Nikafunua kanga. Kweli, kigoda cha kukunja na ulimi wake wa chuma. Nilifurahi, sitasema uongo. Hodari wa macho hajui mbuzi! Nikafunga begi, nikamtakia bi mkubwa safari njema, kisha nikasema kwa sauti, foleni nzima isikie:

"Ni ya kukunia nazi, shoga. Kwenu mnakula nini?"

Wenzetu wakacheka. Nafula hakucheka.

"Sijauliza inaitwa aje. Inakata?"

Ulimi kama ule ulinichana kidole utotoni, kovu ninalo. Na nimeuachia uende ndegeni.

Nafula alikwishatoka mbio. Alimkuta bi mkubwa kwenye duka la manukato, akarudi naye amemshika mkono, na mbuzi ikapelekwa kwenye mizigo ya chini ya ndege. Bi mkubwa akamwombea dua yeye, wakati mtu wa pwani mwenzake ni mimi.

Makame akaja kuuliza kwa nini mkanda umesimama, na nani alipitisha begi lile.

Nafula angenimaliza kwa neno moja. Akakaa kitini pake. "Imerudi, bosi. Haikufika kwa ndege."

Hakunitaja. Bora angenitaja.

"Ni mimi," nikasema. Hata hilo nililisema kwa wivu. Sikutaka awe mwema peke yake.