Isale Haikataliwi

Mchagga hakatai isale. Ukiletewa jani lile kuombwa msamaha, hata kama aliyelileta amekuulia ng'ombe, unapokea na ugomvi unaishia hapo. Pudensiana alilelewa hivyo Kibosho, na miaka yote aliyoishi Nduruma haikumbadilisha.

Alikuwa na shamba moja tu, la migomba, na katikati yake kaburi la mumewe, Aloisi. Huyo alizaliwa mtoto wa kati, na kwao mtoto wa kati hapati kihamba, shamba la ukoo ambako mtu huzikwa. Akanunua Nduruma kwa jasho lake, akaapa atazikwa kwenye udongo ambao hakumwomba mtu. Kisha ukaja mradi wa barabara. Nyumba ikapakwa X nyekundu, na fidia hakuna aliyeitaja. Shirin, wakili kijana mwenye ofisi Kaloleni, akamfungulia shauri Mahakama Kuu: Katiba inasema mtu hanyang'anywi mali yake bila fidia inayostahili. Jaji akatoa zuio, shamba lisiguswe mpaka kesi iishe. Pudensiana akapata tena usingizi.

Basi Jumapili moja baada ya misa akaja Abdiel, bosi wa mradi, Mchagga wa Machame, na jani la isale mkononi. Akapiga goti mavumbini, na suruali ile nzuri!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumekukosea. Fidia tutakaa tuizungumze kama watu wa nyumbani. Ila isale na kesi havikai pamoja, mama yangu."

Pudensiana akapokea. Moyo wake ulifurahi, maskini, kwamba hata wakubwa bado wana adabu.

Siku ya kesi, Shirin alimshika mkono mlangoni. "Mama, ngoja kwanza waandike wanachoahidi, jaji akithibitishe. Ukiiondoa kesi, zuio linakufa nayo."

"Isale haiandikishiwi, mwanangu. Kwenu hamna, huwezi kujua."

Mtu angetamani kumtikisa mabega. Jaji alimuuliza kama anaondoa shauri kwa hiari yake, akijua hataruhusiwa kulirudisha. Akajibu, "Ndiyo, mheshimiwa," kwa sauti ileile ya kanisani.

Kesho yake asubuhi tingatinga lilikuwa ndani ya migomba. Akampigia Abdiel huku analia.

"Mama, isale niliileta mimi Abdiel," akasema yule mshenzi, kwa upole kabisa. "Mradi hauna kabila."

Shirin alikimbilia mahakamani. Jaji akamsikiliza mpaka mwisho, na ilionekana wazi kwamba yanamuuma. "Haki yake Katiba haijaifuta," alisema. "Lakini siwezi kutoa zuio kwenye shauri ambalo halipo. Ameliondoa mwenyewe, mbele yangu, na nilimuuliza." Maji yalikwisha kumwagika.

Kwa kaburi, mradi ulijifanya una utu. Ulileta vibarua wenye glavu, katekista wa kusali, na sanduku jipya la mninga. Walifukua taratibu, wakaweka mifupa ya Aloisi ndani, wakalipandisha sanduku kwenye gari. Pudensiana alisimama pembeni, khanga imefungwa kiunoni, hana hata chozi. Dereva akamsogelea, akavua kofia.

"Pole, mama. Mzee tunampeleka wapi?"

Pudensiana alilitazama lile sanduku.

"Hana kwao," akasema.