Plasta Mdomoni mwa Mwanasesere

Fundi friji alizoea kupata majibu upesi. Ukimletea friji lisilogandisha, atalitegea sikio, atagonga ubavuni mara mbili, na kabla hujamaliza maelezo ameshakwambia kilichoharibika. Lakini binti yake wa miaka minane alipoacha kusema, fundi alishikwa pabaya.

Nyumbani walimwita Chiriku, maana tangu ajue kuongea hakujua kunyamaza. Kisha mdogo wake, aliyezaliwa njiti, alizidiwa na pumzi akarudishwa hospitali. Alilazwa siku kumi, akapona, akarudi kwao. Chiriku ndiye hakurudi. Alifunga mdomo siku ile ile mtoto alipochukuliwa, na sasa mwezi wa pili ulikuwa unakatika. Akiulizwa, alitikisa kichwa. Daktari alimpima koo na masikio asione kasoro.

Fundi alianza kuwaza mabaya. Huenda kuna mtu amemfanyia mtoto jambo, akamtisha asiseme. Akawa anamtazama kila mtu kwa jicho la pembeni: mlinzi wa shule, jirani, hata shemeji yake mwenyewe. Mkewe alikuwa ananyonyesha, amechoka, kwa hiyo fundi alimezea moyoni.

Mwalimu wa darasa ndiye aliyewaelekeza kwa mshauri wa watoto, mama wa makamo aliyekuwa na chumba nyuma ya zahanati. Ndani kulikuwa na mkeka, beseni la mchanga, wanasesere, vigari, na kisanduku cha vifaa vya udaktari. Fundi aliangalia vile vitu, akauliza kama hiyo ndiyo dawa yenyewe, kwani kucheza si hata nyumbani anacheza.

Mshauri hakuudhika. "Mtu mzima akiwa na jambo, anakaa na mwenzake analisema," alimwambia. "Mtoto wa umri huu analicheza. Mimi simchokonoi. Nipe muda, baba."

Jumamosi nne fundi alikaa kwenye benchi nje, akisikia mchanga ukimwagwa na kuzolewa. Jumamosi ya tano mshauri alimuuliza Chiriku kama baba yake angeweza kuingia. Chiriku alifikiri, akakubali kwa kichwa. Fundi akavua viatu, akajikunja kwenye mkeka, magoti yakilia.

Chiriku alimlaza mwanasesere mdogo kabisa ndani ya sahani. Akamchukua mwingine, msichana aliyepotewa na kiatu kimoja, akambandika plasta mdomoni, kisha akampeleka pembeni kabisa ya chumba na kumgeuzia ukutani.

"Huyu amezibwa mdomo," mshauri alisema taratibu. "Na amewekwa mbali na mtoto."

Chiriku aliongeza plasta ya pili, kisha ya tatu. Halafu akanong'ona, sauti ikikwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kazi: "Mdomo wake una sumu."

 Fundi alikumbuka asubuhi ya siku ile mtoto alipochukuliwa. Chiriku alikuwa na mafua, ameinama juu ya kitanda cha mdogo wake akimwimbia, na yeye aliingia akafoka: "Toa mdomo wako hapo, utamuua mwenzio!" Jioni yake wakakimbilia hospitali. Hakuna aliyemgusa mtoto wake, wala kumtisha. Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Aibu ilimjaa, na chini ya aibu, nafuu iliyomtoa machozi.

Alitaka kumkumbatia pale pale. Mshauri akamwashiria kwa kiganja asiwe na haraka. Basi fundi akaokota mwanasesere baba, akamtembeza juu ya mkeka mpaka kwa yule msichana.

"Baba alikosea," alisema. "Aliogopa, akaropoka. Daktari alimwambia kwamba mtoto hakuwa na mafua. Mapafu yake ndiyo yalikuwa bado machanga. Baba alilijua hilo, na hakukumbuka kukwambia."

Chiriku alimtazama yeye, si mwanasesere. "Hakuwa na mafua hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu."

Akabandua plasta ya kwanza, na ya pili. Ya tatu ilimshinda. Akamkabidhi baba yake, naye akaing'oa kwa ukucha wake uliojaa weusi wa grisi.

Mshauri aliwaonya kwamba maneno yangerudi kidogo kidogo, na kwamba Jumamosi ziendelee. Njiani Chiriku alinyamaza mpaka walipofika kona ya duka la vifaa vya ujenzi. "Baba, unakimbia," alisema. Fundi akapunguza mwendo.

Jioni Chiriku alisimama hatua mbili kutoka kitanda cha mdogo wake, kiganja mdomoni. Mama yake akamwambia sogea tu, mama, huyu ni wako. Akasogea. Akashusha mkono, akaanza kumsimulia mtoto habari za msichana mmoja aliyepotewa na kiatu, ambaye sasa ilibidi atembee kwa kuruka mguu mmoja mpaka sokoni. Fundi alibaki mlangoni na kikombe cha chai kinachopoa. Habari ilikuwa ndefu, imejaa mambo yasiyoingia akilini, naye hakutaka iishe.