Jicho la Upepo

Baada ya adhuhuri, siku ya thelathini na tisa ya eda yangu, nalala ubavu kwenye kitanda chetu, uso umeelekea dirisha nisilolifungua tangu afe Mwalimu Shaweji, mume wangu, na usingizi haujanikolea bado, ukuta unalegea kama ugali uliozidi maji, nami napita. Ng'ambo kuna barabara, na mwisho wa barabara kuna barabara nyingine, na pande zote mbili nyumba za vioo ambamo najiona mimi tu, wajane mia wa nguo nyeupe, wala sioni dirisha hata moja. Mtu asiye na uso, kanzu na sauti tu, anatembea kando yangu. Namuuliza, mume wangu yumo nyumba ipi? Ananijibu, ile yenye kitu ulichokifunga. Nakasirika, namwambia nimekuja na uchungu wangu, sikuja kutegewa vitendawili. Anasema, basi nitajie hicho kitu kwa Kiingereza, na unitajie kilikotoka.

Kiingereza tena. Ndicho kilichotugombanisha. Shaweji alikifundisha miaka ishirini na sita, na kila neno alilichimbua mizizi, hata tukiwa mezani muhogo unapoa. Window, aliniambia, si neno la Waingereza, waliletewa na watu wa kaskazini waliowavamia zamani, na kwa hao yalikuwa maneno mawili, upepo na jicho, maana nyumba zao zilikuwa na tundu tu ukutani, bila kioo. Waingereza walikuwa na lao, tundu la jicho, wakalitupa. Nikamwambia, kumbe nao kama sisi, wanapenda cha mgeni. Akacheka, akasema dirisha nalo tumelitoa Uajemi, asili yake ni mlango mdogo. Nilimpenda akicheka hivyo. Lakini harusini kwa jirani alinisahihisha Kiingereza changu mbele ya wageni, wakacheka, naye akacheka nao, nikanuna siku mbili. Na kwetu mtu hasafiri bila kutaka radhi, anasema niwie radhi, anajibiwa nimekuwia, ndipo anavuka kizingiti. Asubuhi ya siku ya pili, siku ya safari yake, mlango wa chumba nilikuwa nimeutia komeo, basi akazunguka uani, akasimama dirishani na mkoba wake, akasema, Mwantumu, niwie radhi. Nikavuta ubao wa dirisha nikafunga. Nilitaka aumie kidogo tu, mpaka jioni. Akaanguka kituo cha basi, moyo, kabla hata hajapanda.

Haya yote namsimulia asiye na uso huku tunatembea, na kila nikilitaja lile neno nyumba moja inapata tundu. Ananiuliza, ulifumba jicho au ulifunga mlango? Namwambia, nilimfungia mtu, niache. Barabara inajikunja inaturudisha uani kwangu mwenyewe, ila sasa mimi ndiye niliye nje, na chumbani, nyuma ya tundu, yumo Shaweji, chaki kwenye mkono wa shati. Niwie radhi, anasema, kwa sauti ileile. Nasema, nimekuwia. Anatega sikio. Nasema tena, nimekuwia, Shaweji, na wewe niwie mimi. Midomo yake inauliza, unasemaje? Upepo unavuma kutoka kwangu kwenda kwake na haubebi kitu. Nasema mara ya tatu kwa nguvu zangu zote, na ubao unaanza kujifunga wenyewe.

Nafumbua macho. Dirisha li wazi. Wifi yangu Mwanahawa, dada yake Shaweji, amekaa ukingoni mwa kitanda analia. Namuuliza nani kafungua. Anasema, si wewe wifi uliniambia nifungue, upepo uingie? Sikumbuki. Ukasema nimekuwia, anaendelea, mara tatu, nami tangu msiba nilikuwa nakuogopa, maana siku ile harusini na mimi nilicheka. Basi nikakujibu, wifi, nami nimekuwia. Sijui nimfurahie au nimwambie maneno yale hayakuwa yake. Sijui hata kama nimekwisha kurudi. Nanyoosha mkono nampapasa uso, nihakikishe anao. Anao, na macho ni ya kaka yake. Namwomba asifunge dirisha.